Mama Dokta na Siku Nne za Kijito

Uvumi ulimkuta Mama Dokta kwa fundi cherehani, kasimama na gauni lake la kupanuliwa kiuno, hana hili wala lile. Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Redio. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti nyembamba, na pini alizobana mdomoni hazikumzuia kusema. Zilimfanya tu aseme kwa upande mmoja.

"Mwenzangu, mimi sisemi kitu," alisema Redio. "Ila watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba Dokta wako anauza kijito."

"Anauza nini?"

"Kijito. Hiki hiki cha nyuma ya nyumba zetu. Anapita anauliza kila nyumba ingetoa nini ili kijito kibaki. Sasa we fikiria, nani anauliza bei ya kitu asichokiuza? Mteja ameshapatikana, mwenzangu. Siku mkubwa wake akija ndiyo siku ya kutia saini. Kwa hiyo watu wamekubaliana: akibisha hodi, hawafungui. Na atakayekosea kufungua, atasema hatoi kitu."

Mama Dokta alicheka, akasema watu hawana kazi, akaaga. Alikuwa amefika kwenye kona ndipo akagundua kwamba gauni bado liko mkononi, kiuno ni kile kile. Usiku mzima uvumi ule ulimzunguka kichwani kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Akilala ubavu huu, yupo. Akigeuka, yupo.

Na alikuwa na sababu. Binti yake alikuwa amesoma mpaka shahada ya uzamivu, na ndiyo siku ile mtaa ulipoacha majina mengine yote ukaanza kumwita mama huyu Mama Dokta. Yeye mwenyewe alikomea shule ya msingi, na jina lile alilivaa kama kofia ya harusi. Mtu akimaliza uzamivu, wewe na mimi tungesema kazamia, kaibuka, sasa ajifute maji apumzike. Kumbe baada ya uzamivu kuna utafiti mwingine, na huo una mkataba: mwaka wa kwanza ukienda vizuri, ndipo wa pili unafunguliwa. Mwaka wa kwanza ulikuwa unakaribia kwisha. Profesa, msimamizi wa binti, alikuwa anakuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kuangalia kazi na kuamua.

Kazi yenyewe ilikuwa na jina refu: ikolojia ya maji baridi na uchumi wa rasilimali. Maji baridi maana yake yale yasiyo ya chumvi, ya mito na maziwa. Hilo Mama Dokta alilijua baadaye. Mwanzoni aliwatangazia watu kwamba binti yake ni daktari wa maji baridi, mpaka jirani mmoja akaleta friji lake kwa mkokoteni.

Dokta alimwelewesha mama yake mezani, kwa kikombe na kisahani. "Hiki kikombe ni kijito, Mama, na viumbe wake. Hiki kisahani ni watu wanaokizunguka. Kuna wanaosomea kikombe tu, na wanaosomea kisahani tu. Mimi nasomea vyote viwili. Naangalia nani anaishi ndani ya maji, halafu nauliza watu wangejitolea kiasi gani ili aendelee kuishi."

"Wangetoa pesa?"

"Siulizi pesa. Wapo wasio na pesa lakini wana mikono. Nauliza siku za kazi: kwa mwezi, ungetoa siku ngapi kukitunza kijito?"

Baraza la mji lilikuwa na mipango miwili. Wa kwanza ulikuwa kukiingiza kijito kwenye mfereji wa zege na kukifunika, na wa pili ulikuwa kukiacha wazi, matete yaote, yachuje uchafu. Utafiti wa Dokta ungelisaidia baraza kujua watu wanakithamini kijito kwa kiasi gani. Alimaliza maelezo kwa kumwinulia mama yake kidole: "Na tafadhali, maswali yangu usiyazungumze na mtu yeyote."

Mama Dokta alikubali kwa moyo mweupe. Kwake yeye, mtu yeyote ni mgeni asiyemjua. Jirani uliyeazima ungo wake mara ishirini si mtu yeyote.

Basi kulipokucha alijifunga kitambaa kichwani, akatoka kwenda kuuzima uvumi nyumba kwa nyumba. Dokta alikuwa amekwenda maabara. Baba yake, dereva mstaafu wa lori, aliuliza mama anakwenda wapi asubuhi yote ile. "Kusalimia," alijibu, na huo haukuwa uongo, maana alisalimia kweli.

Kwanza aliingia kwa Babu Baiskeli, mzee anayetengeneza baiskeli barazani kwake, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko.

"Binti yangu hauzi kitu, Babu. Anapima tu. Mfungulie mlango."

"Nitamfungulia. Nimwambie nini?"

Hapo ndipo Mama Dokta alipopaswa kugeuka arudi nyumbani. Uvumi ulikwisha zimwa kwa Babu, kazi ilikwisha. Lakini akili ilimpeleka mbele. Aliona Profesa ameketi sebuleni, anasoma majibu ya mtaa: huyu hatoi kitu, huyu naye hatoi, yule nusu siku. Aibu gani hiyo! Binti angefukuzwa kwa ubahili wa majirani.

"Akikuuliza ungetoa siku ngapi kwa mwezi, we sema nne."

"Kwa nini zisiwe mbili?"

"Mbili ni za mvivu."

"Na kumi?"

"Kumi ni za mwongo. Sema nne, Babu. Ni siku moja kila wiki, inasikika vizuri. Na msiniaibishe mbele ya wageni."

Maneno hayo hayo aliyapeleka kila mlango. Kwa jirani aliyevunjika mguu, mwenye plasta, kwa mke wake aliyekuwa anafua, kwa wauza mboga wawili wasiosemezana, ambao iliwabidi waambiwe kila mmoja kivyake. Mwisho aliingia kwa Redio, na huko alimaliza shughuli ya siku mbili kwa dakika chache. Redio habari mpya haimkai kooni. Jua lilipotua, hata upande wa pili wa kijito, ambako Mama Dokta hakukanyaga, walikuwa wanajua ni nne.

Siku za mwanzo zilikuwa asali tupu. Dokta alirudi jioni na viatu vyenye tope na uso unaong'aa. "Mama, sijui watu wameingiwa na nini! Wananifungulia, wananipa kiti. Jana tu walikuwa wananichungulia dirishani."

"Watu ni wema," alisema Mama Dokta, akainama kwenye sufuria ili asionekane anavyotabasamu.

Kisha siku moja Dokta aliingia kimya. Aliweka mezani ile simu yake kubwa anayoandikia majibu, akaketi, akaitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeletwa na mwalimu.

"Leo nimefika kwa Babu Baiskeli," alisema taratibu. "Nimemwambia, 'Shikamoo, Babu.' Akaniambia, 'Nne.'"

Kijiko kilimponyoka Mama Dokta.

"Nikamwambia, Babu, sijauliza kitu. Akasema, 'Basi uliza upesi, nina gurudumu hapa. Jibu ni nne.'"

Baba alishusha gazeti. Alimtazama mkewe vile alivyokuwa anatazama kioo cha pembeni enzi za lori, akiona kitu kinakuja nyuma kwa kasi.

"Mtaa mzima, Mama. Nne, nne, nne. Hata yule mwenye plasta, asiyeweza kufika bafuni bila kushikwa, kasema nne. Wauza mboga wasiokubaliana hata kuhusu mvua wamekubaliana nne. Umewaambia nini?"

"Sasa si wamejibu vizuri? Ungependa waseme hawatoi?"

"Ningependa waseme ukweli! Hata kama ni sifuri, sifuri yao ni yangu, naitumia. Hii ni kama umeenda kupima homa ya mgonjwa, halafu ukakishika kipimajoto juu ya jiko. Kinasoma, ndiyo. Lakini kinasoma jiko."

Alisema bila kupaza sauti, na hilo lilimuuma mama kuliko kelele. Halafu akatoka, akaketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, zinazotazama kijito. Mama Dokta alisikiliza kama analia. Halii. Akaenda, akajibana pembeni yake kwenye ngazi ile nyembamba, kiuno kile kile kilichokuwa kinangoja kupanuliwa nguo.

"Usimwambie Profesa," alinong'ona. "Nani atajua?"

"Mimi najua. Na nikificha ndiyo nitafukuzwa kwa haki, na si mwaka huu tu. Nitampigia simu leo."

"Basi mwambie ni mimi."

"Nitamwambia ni mama. Anaye mama yake pia, huenda akaelewa."

Profesa alipopigiwa simu alijibu kwa maneno mawili: tutaongea nikifika. Mama Dokta aliyageuza maneno yale kila upande, hakuona hata moja lenye huruma. Uvumi wa Redio ulikuwa umekufa, na sasa alitamani ungekuwa hai. Uvumi ulikuwa maneno ya watu, lakini kosa hili lilikuwa lake peke yake.

Jumamosi Profesa alishuka kwenye gari. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, amevaa buti za mpira tangu nyumbani kwake, na wavu mrefu amening'iniza begani kama mkoba wa sokoni. Hakutaka sebule wala chai. "Twende majini kwanza," alisema, na wakaenda. Mama Dokta aliwafuata na chupa ya chai, akitafuta mwanya wa kuomba radhi.

Mwanya haukupatikana. Dokta aliingia kijitoni, akaweka wavu, akavuruga mawe kwa mguu mbele yake ili maji yachukue viumbe yawaingize ndani. Kisha akamimina vyote kwenye trei nyeupe. Kwa mtu wa kawaida ni tope na majani. Ukitulia, majani yanaanza kutembea. Profesa aliinama mpaka pua ikakaribia kulowa.

"Huyu mwenye mikia mitatu bado yupo!"

"Na kereng'ende wachanga," alisema Dokta. "Wengi wako huko kwenye mashina ya matete. Wenye mikia mitatu hawavumilii maji machafu. Siku wakihama, tutajua kijito kinaumwa kabla hakijanuka."

Walikuwa wanafurahi, wale wawili, kama watoto walioachiwa sukari. Mama Dokta akafungua mdomo aombe radhi. Ndipo zikasikika kelele.

Mtaa ulikuwa unakuja. Mbele alikuwa Redio, panga mkononi na futi yake ya kupimia bado imening'inia shingoni. Nyuma yake Babu Baiskeli na reki, wauza mboga wawili, kila mmoja na jembe lake na njia yake, na mwisho mkokoteni, na juu yake jirani mwenye plasta, amekaa kitako kama bwana harusi, mkewe anasukuma.

"Tumekuja!" Redio alipiga kelele. "Hii ya kwanza, bado tatu!"

"Ya kwanza ya nini?" Profesa aliuliza.

"Ya siku nne! Si tuliahidi? Mama Dokta alisema tusimwaibishe. Sasa mtu akisema nne akakaa nyumbani, hiyo si aibu?"

Mama Dokta alikuwa amewapa jibu. Wao, kwa kumheshimu, walikuwa wameligeuza ahadi. Hakuwa na nafasi ya kuwaza zaidi, kwa sababu Redio alikuwa ameshafika ukingoni, amekunja mkono wa blauzi, ameshika fungu la matete, na panga liko juu.

Chupa ya chai ilianguka. Mama Dokta aliruka majini na viatu vyake vya kanisani. "Redio! Ukikata tete hilo, mimi na wewe basi!"

"Ala! Si tunasafisha?"

"Hiyo ni nyumba yao!"

"Ya nani?"

"Ya wadudu wa binti yangu!"

Panga lilibaki hewani. Watu walitazamana. Babu Baiskeli alikuna kidevu kwa mpini wa reki. "Na kodi wanamlipa nani?" aliuliza.

Profesa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa kuinama, kisha kwa kuegemea wavu, na wavu si kitu cha kuegemea. Buti ikateleza, akaketi majini mpaka kiunoni. Hapo hakuna aliyejizuia. Mwenye plasta alicheka mpaka mkewe akamwambia ashike mkokoteni vizuri, yeye hatamwokota.

Alipoinuliwa, huku anachuruzika, Profesa alimgeukia Mama Dokta. "Wewe ndiye mama?"

"Ndiyo mimi. Na kosa ni langu, si lake. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi."

"Nikufukuze vipi? Sikukuajiri." Akakamua mkono wa shati. "Nikwambie ukweli, mama. Majibu ya mtaa huu yamekufa. Hatuwezi kuyatumia, hata moja. Binti yako alinipigia simu mwenyewe akaniambia, kabla sijayaona. Mtafiti anayeficha simwongezei hata siku moja. Anayesema, nakaa naye chini."

Kisha akawaangalia wale watu na majembe yao. "Miaka yote hii nauliza watu wangefanya nini," alimwambia Dokta. "Sijawahi kuona wakitokea kufanya."

Dokta alikuwa ameshatoa simu yake kubwa. "Waliosema nne tunawajua," alisema. "Tunaweza kuona waliokuja, na watakaokuja Jumamosi nyingine, na nyingine."

"Bila mama kuwapitia majumbani."

"Bila mama kuwapitia popote."

Watu walipelekwa chini ya daraja, ambako takataka zilikuwa zimeziba njia ya maji na ambako Dokta hakuwa anapima. Walitoa matairi, magunia, na godoro moja lililokuwa limenenepa kwa maji mpaka likahitaji watu sita na mashauri ya mwenye plasta. Wauza mboga wawili walishika upande mmoja wa godoro hilo na ikawalazimu kusemezana, ingawa lilikuwa neno moja tu: "Vuta!"

Jumamosi ya pili walikuja wachache kidogo. Ya tatu, wachache zaidi. Kulikuwa na mvua, na mpira kwenye televisheni. Ya nne alikuja Babu Baiskeli, Redio, mkokoteni wa mwenye plasta na msukumaji wake, basi. Mama Dokta alikaa kwenye ngazi za nyuma, kakalia mikono yake, anatazama milango ya majirani isiyofunguka. Mara mbili alinyanyuka akawaite. Mara mbili Baba alisema, bila kushusha gazeti, "Kaa."

Tofauti kati ya walichosema na walichofanya ndiyo ikawa sura nzima ya ripoti ya Dokta, na Profesa aliisifu. Mwaka wa pili ulifunguliwa. Siku habari ilipofika Mama Dokta alipiga kigelegele mpaka Redio akatoka nje na pini mdomoni.

Ila kulikuwa na sharti. Mahojiano yote ya siku za kazi yarudiwe, kwenye kijito kingine, sehemu nyingine, ambako hakuna anayemwita mtafiti "mtoto wetu" na hakuna anayemjua mama yake. Dokta akafunga begi. Mama aliyempigania binti asipoteze kazi aliiokoa kazi, akamkosa binti.

Dokta anapiga simu kila jioni. Anasimulia kila kitu: konokono wa huko, samaki wadogo wenye mistari, mwenye nyumba anayepika na kuimba. Anacheka sana siku hizi, na mama akimsikia anacheka moyo unatulia.

"Na huko kunaitwaje, mwanangu?"

"Mama, sisemi."

"Nataka nikutumie vitafunio tu."

"Vitumie ofisini kwa Profesa. Vitanifikia."

"Hata mkoa?"

"Usiku mwema, Mama."

Kwa hiyo wenzangu mlio na watoto wanaofanya utafiti, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimpe mtu jibu la swali ambalo hajaulizwa.

Mtoto akisema "mtu yeyote," usiwatoe humo majirani, usiwatoe ndugu, usimtoe fundi cherehani.

Ukienda kukanusha uvumi, kanusha, urudi nyumbani. Usiongeze neno.

Usimwombe mtafiti afiche kosa lako kwa msimamizi wake.

Usimwage maji ya kwenye trei nyeupe, hata yakionekana machafu.

Usikate matete bila kuuliza.

Usimwambie jirani "usiniaibishe" kama huna uhakika ataelewa nini.

Usivae viatu vya kanisani kwenda kijitoni.

Usitume vitafunio vyenye jina lako na anwani yako juu ya boksi: huko hawatakiwi kumjua mama yake.